Nusu siku Fez, usiku mmoja Mombasa

Saa tatu asubuhi, chini ya lango la Bab Bou Jeloud, mwongoza watalii anawageuza wageni wake wanane walitazame lango kutokea nje. Buluu, anawaambia, ndiyo rangi ya Fez. Anawavusha hatua kumi, anawageuza tena: upande wa ndani ni kijani, rangi ya Uislamu. Simu zinainuliwa. Nyuma yao anakuja punda aliyebeba mitungi ya gesi, mwenye punda anapaza sauti "Balak! Balak!", na ndipo wageni wanapogundua kwamba wamesimama katikati ya barabara kuu ya mji.

Lango hilo lilijengwa mwaka 1913, mwaka mmoja baada ya Ufaransa kuiweka Moroko chini ya himaya yake. Beit el-Ajaib ya Zanzibar, ya mwaka 1883, ni kaka yake kwa miaka 30. Lango la zamani, la karne ya 12, lipo palepale ubavuni, dogo, njia yake imekunjwa kona kama malango ya vita yalivyojengwa. Ni wachache wanaolipiga picha.

Hakuna aliyedanganya hapo. Mwongozaji hakusema lango ni la kale, na wageni hawakuuliza.

Jambo hilo dogo limenikaa kichwani wiki kadhaa. Safari ya nusu siku katika mji uliosimama tangu karne ya 8 inaonyesha nini hasa, na nani anayechagua kitu cha kuonyeshwa? Kwa msomaji wa Kiswahili swali lina uzito wa ziada, maana katika mji huohuo, karibu miaka 670 iliyopita, mtu mmoja alikaa akasimulia habari za Mombasa na Kilwa, mwingine akaziandika. Sijaona ratiba ya nusu siku inayolitaja hilo.

## Dakika 240

Nusu siku ni saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana. Dakika 240. Tuzigawe kama ratiba nyingi za hotelini zinavyozigawa.

Gari linakupeleka kwanza kwenye milango ya shaba ya kasri la mfalme, iliyofuliwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970: dakika 25 pamoja na picha. Mellah, mtaa wa Wayahudi wa tangu 1438, kwa haraka: 20. Kilimani Borj Sud kuutazama mji kutokea juu: 25. Karakana ya vyungu na vigae ya Ain Nokbi, nje ya kuta, ambako ziara huishia dukani: 40. Mwendo wa gari kati ya vituo hivyo, 30. Hapo zimekwisha 140, na bado hujaingia Fez el-Bali, mji mkongwe wenyewe.

Zinabaki 100. Duka la mazulia na chai yake ya nanaa, 30. Duka la mitishamba na mafuta ya argani, 20. Duka la ngozi, 30.

Mji mzima umebakiwa na dakika 20.

Kwa hiyo anayerudi nyumbani akisema nusu siku haitoshi Fez, nusu siku hakuipata. Alipewa robo saa na ushei, tena akiwa amechoka na mifuko mkononi.

## Anayemlipa mwongozaji

Waongozaji halali wa Moroko wana kitambulisho cha serikali chenye picha, jina na namba, nao hukivaa kifuani. Hulipwa kwa kundi, hawahesabu vichwa. Kwa nusu siku bei za miaka ya karibuni zimezunguka dirhamu 300 hadi 500. Anayekubali kukutembeza kwa 100 ana mlipaji mwingine, na mlipaji huyo ni duka.

Waliokaa Mji Mkongwe wa Zanzibar hawahitaji somo hapa. Papasi, yule kijana anayewaandama watalii, ni papasi popote. Wa Fez wana mbinu tatu wanazozirudia kila siku: njia hii imefungwa, pita huku, kiwanda cha ngozi kiko wazi leo tu, mimi si mwongozaji, ni mwanafunzi tu, nataka kufanya mazoezi ya Kiingereza. Njia karibu kila mara iko wazi. Mtoto anayekuelekeza vibaya anangoja dirhamu zake kona ya pili.

Mwongozaji mwenye kitambulisho naye hapati cha juu dukani? Hupata, na ndani ya duka bei uliyotajiwa imeshakibeba. Sioni haja ya kumwekea uadui kwa hilo, ni sehemu ya riziki yake. Ila ukishajua, unaweza kupanga naye mapema, kwa maandishi, kabla ya kulala usiku wa kuamkia safari. Mambo matano yanatosha: tunaanzia Bou Jeloud kwa miguu, hatutaki gari, maduka hayazidi moja, nalo ni lile lenye roshani juu ya mabirika ya ngozi, tiketi za kuingilia tunalipa wenyewe, tunamalizia uwanja wa R'cif. Taja na bei, useme ni ya kundi zima. Akijibu kwamba bila karakana ya vigae safari haikamiliki, tafuta mwingine.

Kundi lisizidi watu wanane. Hilo limetokana na upana wa njia. Vichochoro vingine havipitishi watu wawili sambamba, kundi linakuwa mstari, na wa tisa hasikii lolote ila mgongo wa wa nane.

## Teremka, usipande

Mji umelala bondeni. Bou Jeloud iko juu upande wa magharibi. Msikiti wa Qarawiyyin uko chini, karibu na mto. Barabara mbili kuu zinashuka sambamba, Talaa Kebira na Talaa Sghira, na jina lenyewe linakuonya: talaa ni mpando. Umbali ni zaidi kidogo ya kilomita moja. Kushuka ni matembezi. Kurudi juu saa saba mchana mwezi wa Julai, joto limekaribia nyuzi 40, ni adhabu. Wanaoanzia chini, R'cif, kwa sababu hoteli iko karibu hujikuta juu kwenye madrasa ya Bou Inania wamelowa jasho, hawasikii tena wanachoambiwa.

Viatu viwe vyenye soli inayoshika. Mawe ya barabarani yamesuguliwa na kwato kwa karne nyingi, na mvua ya Desemba ikinyesha yanateleza kama sabuni.

Ukisikia "balak", usigeuke kutazama. Bana ukutani kwanza, utatazama baadaye. Ni "simile!" ya mahamali wa Mombasa, na wa Lamu wamezoea: punda mwenye mzigo hana breki, na mzigo ni mpana kuliko punda.

Ramani ya simu hupotea kati ya kuta ndefu, kidoti kinarukaruka mitaa mitatu. Ukipotea fuata mteremko. Maji na watu wote huishia R'cif.

Na uende siku gani? Ijumaa usiende kama unataka kuona kazi. Kuanzia mchana maduka na karakana nyingi hufungwa. Ramadhani ina mtego wake: Moroko hutumia saa ya GMT+1 mwaka mzima, lakini mwezi wa Ramadhani hurudisha saa nyuma kwa saa moja. Kuna wanaowasili kwenye miadi saa nzima kabla, wakamlaumu mwongozaji kwa kuchelewa.

## Mtu wa usiku mmoja

Hapa nitoke barabarani kidogo.

Ibn Battuta aliondoka Tangier mwaka 1325. Mwaka 1331 alishuka pwani yetu: Mogadishu, Mombasa, Kilwa. Alirudi kwao, akafika Fez mwaka 1349 kwa Sultani Abu Inan wa ukoo wa Marini. Sultani akaamuru safari ziandikwe. Msafiri akasimulia, mwandishi wa kasri, Ibn Juzayy, akaandika, na masimulizi yakakamilika Desemba 1355.

Mombasa alilala usiku mmoja tu.

Usiku mmoja, akausimulia baada ya miaka 24, na hadi leo hatuandiki historia ya Mombasa bila kumtaja. Alishika nini? Kwamba watu wanakula ndizi na samaki. Kwamba misikiti ni ya mbao, imejengwa imara. Na kwamba mlangoni mwa kila msikiti pana kisima, kina chake dhiraa moja au mbili, maji yanatekwa kwa chombo cha mti kilichofungwa kijiti cha urefu wa dhiraa. Ardhi pembeni ya kisima imesawazishwa. Anayeingia huosha miguu kwanza, kisha huifuta kwenye mkeka mnene uliotandikwa mlangoni.

Angalia vipimo. Kina cha kisima, urefu wa kijiti, unene wa mkeka. Hakutuambia Mombasa ni mji wa maajabu. Alitazama mlango mmoja mpaka akauelewa.

Alikosea pia. Kilwa aliielezea kuwa mji wa mbao, na alikaribishwa na Sultani Hasan bin Sulaiman, yuleyule ambaye zama zake zimehusishwa na jumba la Husuni Kubwa na upanuzi wa Msikiti Mkuu, vyote vya mawe ya matumbawe, na magofu yake tunayo. Kumbukumbu ilichanganya miji, au mnakili alikosea. Hata Fez kwenyewe walimtilia shaka. Ibn Khaldun, aliyeingia katika utumishi wa Abu Inan miaka hiyohiyo, ameandika kwamba watu wa kasri walinong'ona kuwa mzee anatunga. Alipomwendea waziri na shaka hizo, waziri akampa kisa cha mtoto aliyekulia gerezani na baba yake: mtoto anaelezwa kondoo alivyo, anauliza kama anafanana na panya, kwa kuwa panya ndiye mnyama pekee aliyewahi kumwona.

Nilipozipanga tarehe hizo pamoja, lalamiko langu dhidi ya nusu siku lilipoteza nguvu. Muda mfupi haukumzuia yule mtu kuona. Kilichobaki ni kuuliza mlango upi wa Fez unastahili kutazamwa vile.

Jibu langu ni Bou Inania, na sababu iko kwenye tarehe zake.

## Ukuta wa Bou Inania

Madrasa hii iko mwanzoni mwa Talaa Kebira, hatua chache kutoka langoni. Aliijenga Abu Inan huyohuyo kati ya 1350 na 1355. Yaani mawe yake yalikuwa yakipangwa wakati kurasa za Mombasa na Kilwa zinaandikwa mjini humo, kwa amri ya mtu mmoja.

Tiketi imekuwa dirhamu 20 kwa miaka mingi. Uwe na noti ndogo, chenji ni shida asubuhi. Ingia mapema iwezekanavyo, kwa sababu mbili: makundi makubwa hujaa kuanzia saa nne, na kwa kuwa jengo ni msikiti pia, wageni hutolewa wakati wa swala.

Simama katikati ya ua na usome ukuta kutoka chini kwenda juu. Chini ni vigae vya zelliji, hadi usawa wa kifua. Katikati ni jasi iliyochongwa. Juu ni mbao za mwerezi. Mpangilio huo unafuata matumizi kabla ya urembo: chini ndiko watu wanakoegemea, ndiko maji ya udhu yanakoruka na ufagio unakogonga, kwa hiyo panawekwa kitu kigumu kinachofutika. Jasi ni laini, inachongwa kwa kisu ikiwa bado mbichi, lakini inaharibika ikiguswa, basi inapandishwa juu ya mikono. Mwerezi unabeba paa na kuikinga jasi na mvua.

Zelliji hazichorwi. Kigae kikubwa cha rangi moja kinachomwa, kisha fundi anakikata kwa nyundo nzito yenye makali, kipande kimoja kimoja: nyota, msalaba, lozi. Vipande hupangwa chini vikiwa vimelala kifudifudi, rangi haionekani, na saruji au chokaa humwagwa mgongoni. Fundi anapanga pambo bila kuliona. Likiinuliwa ndipo kosa linajitokeza, na kosa likijitokeza limeshaganda. Ukisogea karibu utaona vipande vya karne ya 14 vina kingo zisizo sawa sana, na rangi ya kijani au buluu inatofautiana kigae kwa kigae. Sehemu ambazo rangi ni moja kabisa, mistari imenyooka kama ya rula, ni za ukarabati. Mwombe mwongozaji akuonyeshe mpaka kati ya ya kale na mpya. Mwongozaji mzuri atafurahi, kwa sababu hakuna anayemuuliza.

Wasomaji wa Lamu watasimama zaidi kwenye jasi. Hatuna zelliji, lakini plasta ya kuchongwa tunayo, kwenye kuta za zidaka.

Dakika 40 hapa. Ndiyo, 40. Ratiba za kawaida hutoa kumi.

## Saa iliyokufa

Ukitoka, inua macho ukuta wa mkabala. Kuna safu ya madirisha madogo, na chini yake boriti za mbao zimechomoza bila kubeba kitu. Ni Dar al-Magana, nyumba ya saa, iliyokamilika mwaka 1357. Juu ya boriti palikaa bakuli za shaba. Kila saa mpira wa chuma ulianguka ndani ya bakuli na mlango mmoja ukafunguka. Iliendeshwa kwa maji. Mitambo ya ndani ilipotea, bakuli ziliondolewa, na haijafanikiwa kufanya kazi tena.

Wengi hupita chini yake bila kujua. Haina tiketi wala duka.

## Mabirika

Shuka Talaa Kebira bila kusimama sana. Ukitaka kusimama, simama kwa bissara, supu nzito ya maharage mapana makavu yenye mafuta ya zeituni na bizari nyembamba juu, na mkate wa moto. Huuzwa asubuhi tu, kwenye vibanda visivyo na jina.

Chouara, kiwanda cha ngozi, kionekane kabla ya saa tano na nusu, mwanga ukiwa mzuri na kazi ikiendelea. Utapandishwa ghorofani kupitia duka, utapewa tawi la nanaa uliweke puani. Roshani ni ya duka. Ndiyo sababu hili ndilo duka moja nililoliacha kwenye mpango. Usiponunua, dirhamu 10 au 20 kwa aliyekupandisha zinatosha.

Tazama mabirika meupe kwanza, kila mtu hukimbilia ya rangi. Ngozi ya mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia hulowekwa siku mbili tatu katika maji, chokaa, chumvi na mkojo wa ng'ombe. Chokaa inalegeza mizizi ya manyoya ili yakwanguliwe. Lakini inaiacha ngozi imevimba na ngumu, na ikipakwa rangi hivyo itapasuka. Hapo ndipo kinaingia kinyesi cha njiwa: kina amonia na vimeng'enya vinavyoiondoa nguvu ya chokaa na kulainisha nyuzi. Mfanyakazi anaikanyaga ngozi kwa miguu, saa mbili, saa tatu. Harufu inayokusonga ni ya hatua hii, na ulaini wa ngozi ya Fez unatoka hapohapo.

Rangi zinafuata. Utaambiwa zote ni za asili: maua mekundu ya mpopi, nili, hina. Zipo za asili, na siku hizi zipo za dukani. Njano ni kesi ya pekee. Haitumbukizwi birikani, inapakwa kwa mkono ngozi ikiwa imetandazwa, maana malighafi yake ni ghali mno kujaza birika. Ukiona viatu vya balgha vya njano vimepangwa dukani, hilo la kupaka kwa mkono ndilo la kuuliza.

Kabla ya kununua, fanya mambo mawili. Lowesha karatasi laini nyeupe, isugue ndani ya mfuko au kiatu. Ikitoka na rangi, nguo zako zitatoka na rangi pia. Kisha tafuta ukingo uliokatwa ambao haujapakwa gundi: ngozi inaonyesha nyuzi zisizo na mpangilio, plastiki inaonyesha tabaka na kitambaa. Kiberiti ambacho muuzaji atakuwashia mbele ya pochi hakithibitishi chochote.

Wale wa birikani usiwavutie kamera karibu karibu. Wamesimama ndani ya chokaa hadi magotini, wanafanya kazi.

## Fatima

Mwongozaji atafika mlango wa Qarawiyyin na kusema: chuo kikuu cha kale kuliko vyote duniani, kilianzishwa mwaka 859 na mwanamke, Fatima al-Fihri, ambaye familia yake ilitoka Kairouan, alitumia urithi wake wote na akafunga saumu mpaka ujenzi ulipokwisha.

Ni kisa kizuri na nakipenda. Ila kimetufikia kwa mkono wa Ibn Abi Zar, mwanahistoria wa Fez wa karne ya 14, karibu miaka 470 baada ya tukio. Na katika ukarabati wa karne ya 20 ulipatikana ubao wa mwerezi wenye maandishi ya Kikufi unaosema msikiti ulijengwa mwaka 263 wa Hijria, yaani 877, na Dawud bin Idris. Wapo wanahistoria wanaoona Fatima ni hekaya, na wapo wanaosema ubao unahusu ujenzi wa baadaye.

Sikuelekezi kumbana mwongozaji wa watu kwa ubao huo. Muulize tu: habari za Fatima zimeandikwa wapi kwanza? Wale waliosoma kazi yao watachangamka na nusu saa inayofuata itakuwa bora kuliko zote. Wale waliokariri watarudia mwaka 859 kwa sauti ya juu zaidi.

Halafu muulize la pili: Ibn Battuta alisimulia wapi habari zake hapa? Wengi hudhani swali ni la Tangier, kwa kuwa kaburi linalotajwa kuwa lake liko huko. Mwambie ulikotoka. Mara nyingi mazungumzo hubadilika hapo, maana Mwafrika mweusi katika vichochoro hivi hudhaniwa kuwa Msenegali aliyekuja kuzuru zawia ya Sidi Ahmed al-Tijani, mwasisi wa tarika ya Tijaniyya, aliyefariki 1815 na kuzikwa hapa. Watakusalimia kwa heshima ya zuwari na kukuelekeza zawia hata hukuuliza. Usiudhike. Kama una dakika kumi, fuata walikokuelekeza.

## Sufuria

Nyuma ya Qarawiyyin, uwanja wa Seffarine unausikia kabla ya kuuona. Mafundi wa shaba wanagonga masinia na masufuria makubwa ya karamu, hapohapo nje, chini ya mti. Maktaba ya Qarawiyyin imepakana na uwanja huu, na ukingoni kuna madrasa ya mwaka 1271, ya kwanza kujengwa na Wamarini mjini.

Jina la uwanja linatoka kwa saffar, mfua shaba, na shina lake ni lilelile lililotupa sisi neno sufuria.

Kaa kwenye mkahawa wa pembeni, agiza chai. Mafundi wawili wanaogonga chombo kimoja hupokezana mapigo, na hupotezi kitu ukiwatazama kwa robo saa. Kwa mpango huu muda huo unao: Bou Inania 40, njia na bissara 50, Chouara 45, milango ya Qarawiyyin na zawia ya Moulay Idris 40, madrasa ya Attarine ya 1325 dakika 20, Seffarine 25. Jumla 220. Ishirini ni za kupotea.

## Adhuhuri

Kwa kuwa Fez iko magharibi sana ya saa inayoitumia, jua hufika utosini kati ya saa saba na dakika nne na saa saba na dakika 34, kutegemea mwezi. Ramadhani, toa saa moja. Kwa hiyo safari iliyoanza saa tatu kamili inaishia kwenye adhana ya Adhuhuri, bila mtu kuipanga.

Qarawiyyin wanaingia Waislamu tu. Wengine wataona ua kutoka mlangoni, na milango ni mingi. Usiridhike na wa kwanza uliojaa watu. Mwislamu wa kutoka kwetu anaweza kuulizwa mlangoni; salamu na jibu tulivu humaliza mambo. Wanawake wana sehemu yao. Uwe na mfuko wa viatu, maana viatu unaingia navyo mkononi. Muage mwongozaji hapo nje na umlipe kabla ya kuingia, si baada, ili asikungoje kwenye jua.

Uani kuna birika la maji na vigae chini. Miguu inaoshwa hapo.

Ukitoka, R'cif ni mwendo wa dakika tano, kushuka. Teksi ndogo za Fez ni nyekundu, hubeba abiria watatu tu. Sema "mita" kabla ya kufunga mlango. Mkiwa wanne, wa nne achukue yake.